Dharura ya afya ya umma ikitangazwa, nani hasa anaamriwa?

Tarehe 13 Agosti 2024, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Afrika, ambacho wengi wanakijua kwa kifupi chake cha Africa CDC, kilitangaza kwamba mpox, ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani, ni dharura ya afya inayotishia usalama wa bara zima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo hicho kutoa tangazo la aina hiyo. Siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo likautangaza ugonjwa huo huo kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Wiki mbili kabla ya hapo Kenya ilikuwa imethibitisha mgonjwa wake wa kwanza katika kituo cha mpakani cha Taveta, na Burundi, Rwanda na Uganda zilikuwa zimeshatoa taarifa za wagonjwa wao. Haikushangaza, basi, kwamba swali lililotawala kwenye matatu, daladala na makundi ya WhatsApp lilikuwa moja: tunafungiwa tena kama mwaka 2020?

Hatukufungiwa. Dharura ile ya kimataifa iliendelea hadi tarehe 5 Septemba 2025, zaidi ya mwaka mzima, na katika muda wote huo masoko yalifunguliwa, mabasi yaliondoka, shule ziliendelea na harusi zilifungwa. Lakini miaka miwili kabla yake, Oktoba 2022, wakazi wa wilaya za Mubende na Kassanda nchini Uganda walizuiwa kutoka wilayani mwao kwa takriban miezi miwili kwa sababu ya Ebola, mlipuko ambao WHO haikuutangaza kamwe kuwa dharura ya kimataifa. Tangazo kubwa kuliko yote lilipita bila kumfungia mtu ndani, na mlipuko usio na tangazo la kimataifa ukafunga wilaya mbili nzima. Anayetaka kuelewa maana ya dharura ya afya ya umma katika maisha yake hana budi kuanzia hapo.

Kwanza maana za maneno yanayochanganywa. Mlipuko ni pale ugonjwa unapowapata watu wengi kuliko kawaida katika eneo na wakati fulani. Kwa Ebola au Marburg, homa kali inayofanana na Ebola, mgonjwa mmoja aliyethibitishwa anatosha, kwa kuwa kawaida ni kutokuwa na mgonjwa hata mmoja. Dharura ya afya ya umma ni uamuzi: mamlaka yenye haki ya kufanya hivyo inatamka kwamba tukio fulani limezidi uwezo wa utaratibu wa kila siku, na kwamba fedha, watu na madaraka ya ziada vinahitajika ili kulikabili. Mlipuko huthibitishwa maabara. Dharura huamuliwa mezani. Janga, kwa matumizi ya wataalamu, huelezea jinsi ugonjwa ulivyoenea katika nchi na mabara mengi. Ndiyo maana UVIKO-19 ulitangazwa kuwa dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, lakini WHO ilianza kuuita janga la dunia tarehe 11 Machi, wiki sita baadaye.

Lipo na jambo la nne, ambalo ndilo hasa huwatia watu hofu: hali ya hatari. Hili ni suala la katiba wala si la wizara ya afya. Katika Katiba ya Tanzania liko kwenye Ibara ya 32, ambayo inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari na kulitaka Bunge lilijadili tangazo hilo na kuliunga mkono kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 58, inaruhusu tangazo kama hilo kwa siku 14 tu, na haliwezi kurefushwa bila Bunge la Taifa kukubali. Wakati wa UVIKO-19 Kenya haikutangaza hali ya hatari, wala Tanzania haikufanya hivyo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya: Rais Félix Tshisekedi aliitangaza tarehe 24 Machi 2020, ikarefushwa mara kadhaa hadi Julai mwaka huo, na tarafa ya Gombe, ambako ziko ofisi nyingi za serikali jijini Kinshasa, ikafungwa mapema Aprili. Ugonjwa ulikuwa ule ule, lakini njia za kisheria zilitofautiana, na mtu wa Kinshasa aliposikia neno dharura alikuwa na sababu ya kulielewa tofauti na mtu wa Nakuru.

Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tangazo la dharura ya afya ni mbiu hiyo. Mpiga mbiu hamfungii mtu mlango. Kazi yake ni kuwakusanya watu na kuwajulisha kwamba kuna jambo, kisha wenye mamlaka ya mji ndio wanaoamua kama vijana watoke na majembe, kama kisima kifungwe kwa muda, au kama kila mtu arudi shambani kwake na kukaa macho. Amri huja baada ya mbiu, na si kila mbiu hufuatwa na amri kwa raia.

Mbiu zenyewe hupigwa katika ngazi tatu. Ya juu kabisa ni ya WHO, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007 na ambazo nchi 196 zimejifunga nazo. Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo hushauriwa na Kamati ya Dharura, lakini uamuzi ni wake. Vigezo ni kwamba tukio si la kawaida, kwamba linaweza kuvuka mipaka na kuhatarisha nchi nyingine, na kwamba huenda likahitaji nchi kushirikiana kulikabili. Ngazi ya pili ni ya bara, ile ya Africa CDC. Ya tatu ni ya serikali ya nchi, na hii peke yake ndiyo inayoweza kukuzuia kutoka nyumbani kwako.

Wengi huamini kwamba WHO ikishatangaza dharura, serikali hulazimika kufunga mipaka na miji. Shirika hilo halina polisi, halina mahakama na haliwezi kumtoza mtu faini. Linatoa mapendekezo, na mara nyingi mapendekezo hayo huzitaka nchi zisifunge mipaka. Mfano mzuri ni wa Goma mwaka 2019. Ebola ilikuwa imeanza Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, tangu Agosti 2018, na Kamati ya Dharura ilikutana mara tatu bila kupendekeza dharura ya kimataifa. Katikati ya Julai 2019 mgonjwa alithibitishwa Goma, mji unaopakana na Gisenyi ya Rwanda, ambako maelfu ya watu huvuka mpaka kwa miguu kila siku kwenda sokoni, kazini na shuleni. Kikao cha nne, tarehe 17 Julai, kikaleta tangazo. Tarehe 1 Agosti, baada ya wagonjwa zaidi kuthibitishwa Goma, mpaka huo ulifungwa upande wa Rwanda kwa saa chache kisha ukafunguliwa. WHO ilikuwa imeeleza mapema kwa nini haipendi hatua hiyo: mpaka ukifungwa, watu hawaachi kuvuka, ila huhamia njia za panya, ambako hakuna mtu wa kuwapima joto wala ndoo ya maji ya kunawia.

Mfano huo unabeba jambo jingine ambalo husahaulika. Kabla ya tangazo la Julai 2019, watu zaidi ya 1,600 walikuwa wameshakufa kwa Ebola katika Kongo ya Mashariki. Misiba yao haikutosha kupiga mbiu ya dunia. Hatari ya ugonjwa kuvuka mpaka ndiyo iliyotosha. Inauma, na mtu wa Beni au Butembo ana haki ya kuuliza kwa nini. Lakini ndivyo kanuni zilivyoandikwa, na kwa sababu hiyo tangazo la kimataifa halipaswi kusomwa kama kipimo cha hatari inayomkabili mtu mmoja mmoja. Linaweza kutoka huku hatari kwako ikiwa ndogo, na linaweza lisitoke kabisa huku ugonjwa uko kijiji cha jirani.

Basi tangazo hubadilisha nini, kama halifungi mtu? Hubadilisha kwanza mwenendo wa serikali na mashirika. Katika dharura ya mpox WHO ilitoa dola milioni 1.45 kutoka mfuko wake wa tahadhari ili kazi ianze, na ikaharakisha ukaguzi wa chanjo, jambo lenye uzito kwa sababu nchi nyingi na mashirika yanayonunua chanjo kwa niaba yao hutegemea kibali cha WHO kabla ya kuagiza. Shehena ya kwanza ya chanjo ilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, kibali kamili cha WHO kwa chanjo ya kwanza ya mpox kikatoka tarehe 13 Septemba, na uchanjaji ukaanza Goma tarehe 5 Oktoba. Mtu wa kawaida hakuona lolote katika hayo, isipokuwa yule aliyekuwa kwenye foleni ya Goma.

Ndani ya nchi, dharura hulegeza pia taratibu za manunuzi ya serikali ili vifaa vipatikane upesi, na mlango huo huwa haupitiwi na waadilifu peke yao. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Kenya mwaka 2020, uliohusu KEMSA, mamlaka inayosambaza dawa na vifaa vya tiba, ulionyesha jinsi sheria za manunuzi zilivyokiukwa katika zabuni za vifaa vya UVIKO-19. Kwa maoni yangu hapa ndipo raia anapopaswa kukaza macho kuliko kwenye uvumi wa kufungiwa, kwa kuwa fedha za dharura hutoka haraka na maswali huja polepole.

Amri zinazomgusa raia moja kwa moja hutoka katika sheria nyingine, ambazo nyingi zipo miaka yote bila dharura yoyote. Kenya inayo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ya tangu enzi za ukoloni. Ya Uganda ni ya mwaka 1935, ingawa imefanyiwa marekebisho. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Afya ya Jamii mwaka 2009. Sheria hizi humpa waziri wa afya na maofisa wa afya uwezo wa kumtenga mgonjwa, kukagua majengo, kuzuia mikusanyiko na kudai taarifa za magonjwa fulani. Afisa afya anayefunga mgahawa kwa sababu ya kipindupindu hahitaji tangazo la dharura kutoka Geneva, yaliko makao ya WHO, wala Addis Ababa, yaliko ya Africa CDC.

Kenya ya mwaka 2020 inaonyesha vizuri jinsi vipande hivi vinavyoungana. Marufuku ya kutoka usiku, ambayo kila mtu aliiita kafyu, ilianza tarehe 27 Machi na kutekelezwa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Haikuwekwa kwa sheria ya afya, bali kwa Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo kwa kawaida hutumika kukiwa na fujo. Uvaaji wa barakoa ulitoka katika kanuni zilizotungwa chini ya Sura ya 242, zikachapishwa rasmi pamoja na adhabu yake: faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Chama cha Wanasheria wa Kenya kilikwenda mahakamani kupinga kafyu, na mwezi Aprili Mahakama Kuu ikaamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali lakini nguvu kupita kiasi iliyotumiwa na polisi kuitekeleza ilikuwa kinyume cha katiba. Uamuzi huo unastahili kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba dharura ikitangazwa haki zote hulala. Hata chini ya hali ya hatari yenyewe, Ibara ya 25 ya Katiba ya Kenya inataja haki ambazo haziguswi kamwe, mojawapo ikiwa ni haki ya kutoteswa.

Kwa hiyo msomaji anapoletewa taarifa kwamba jambo fulani limepigwa marufuku, kuna mambo matatu ya kuyatafuta ndani ya taarifa hiyo: inataja sheria gani, inahusu eneo gani, na inaisha lini. Hotuba ya kiongozi kwenye televisheni inaweza kuwa ushauri mwema tu. Amri iliyochapishwa katika Gazeti la Serikali ikiwa na mipaka ya eneo na tarehe ni jambo jingine, na ndiyo inayoweza kukufikisha mahakamani. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi bila kutaja hata kimoja kati ya hivyo vitatu, hata ukiwa na nembo ya taifa juu yake, uache upite.

Turudi Mubende, tuone eneo na muda vinavyofanya kazi. Ebola ya aina ya Sudan ilithibitishwa huko tarehe 20 Septemba 2022. Mwanzoni Rais Yoweri Museveni alisema hapakuwa na haja ya kufunga mahali popote. Ugonjwa ulipozidi kusambaa, tarehe 15 Oktoba alitangaza vikwazo kwa wilaya mbili pekee: hakuna kuingia wala kutoka, usafiri wa magari ya abiria na bodaboda ukasimama, baa na nyumba za ibada zikafungwa, na kafyu ikaanza saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita. Amri ilikuwa ya siku 21, ikarefushwa, hadi ilipoondolewa katikati ya Desemba. Sababu moja ya ukali huo ni kwamba kwa aina ile ya Ebola hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Kilichobaki ni kukata mwendo wa watu. Rwanda ilipopata Marburg Septemba 2024 nayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa, lakini ilichagua njia nyingine. Wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya, kwa hiyo vikwazo vilielekezwa hospitalini na msibani: kutembelea wagonjwa kulisitishwa kwa muda na mazishi ya waliokufa kwa ugonjwa huo yakawekewa ukomo wa watu 50. Kigali haikufungwa, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 20 Desemba baada ya wagonjwa 66 na vifo 15.

Msibani ndipo dharura inapoingia ndani kabisa ya maisha ya watu, na hapo pia ndipo serikali hushindwa mara nyingi kujieleza. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola au Marburg umejaa virusi kuliko alivyokuwa siku za mwanzo za kuugua, kwa hiyo kuosha maiti, kuivalisha, kuibusu au kuigusa kwa mara ya mwisho ni miongoni mwa njia kubwa za maambukizi. Timu ya mazishi salama inapofika nyumbani ikiwa imevaa mavazi ya kinga kuanzia kichwani hadi miguuni, mwili hupulizwa dawa ya klorini, huwekwa katika mfuko maalumu na kubebwa na watu wasio wa ukoo. Kwa familia ya Kiislamu inayotaka josho, au kwa ukoo ambao mtoto wa kwanza lazima amguse baba yake, hiyo si taratibu ya afya tu. Ni kama kunyang'anywa maiti. Milipuko ya Afrika Magharibi na ya Kivu iliwafundisha wataalamu kwamba mazishi hayo hukubaliwa zaidi pale shehe au mchungaji anapoombwa kuwepo, familia inaporuhusiwa kutazama kwa umbali, kuswalia au kusali, kuchagua sanda na mahali pa kaburi, na pale masheikh wanapoeleza kwamba tayamamu, yaani kutoharisha kwa udongo safi badala ya maji, au hata kuacha josho kabisa kwa sababu ya madhara, ina nafasi yake katika sheria ya dini. Familia ina haki ya kuomba hayo. Haina ruhusa ya kuficha maiti, na sheria za afya za nchi zetu zinaadhibu kuzuia kazi ya maofisa.

Tofauti nyingine inayofaa kueleweka ni kati ya kutengwa na karantini. Anayetengwa ni mgonjwa, au anayeshukiwa sana kuwa mgonjwa. Hupelekwa kituo cha matibabu. Anayewekwa karantini ni mzima aliyekutana na mgonjwa, na anangojewa kuona kama ataugua. Kwa Ebola na Marburg muda wa kungoja ni siku 21, kwa sababu huo ndio muda mrefu kabisa ambao dalili huchukua kujitokeza. Katika mlipuko wa Marburg wilayani Bukoba, Kagera, uliotangazwa Machi 2023 na uliokuwa na wagonjwa tisa na vifo sita, watu zaidi ya 200 walifuatiliwa kwa njia hiyo. Mhudumu hufika kila siku, hupima joto, huuliza kuhusu homa, kichwa na kutapika, huandika kwenye fomu na kuondoka. Asiyeugua hadi siku ya 21 hufutwa kwenye orodha na kurudi katika shughuli zake akiwa hana tofauti na mtu mwingine yeyote, ingawa majirani huwa hawasomi orodha hiyo.

Gharama za karantini ni swali la haki la kuuliza mapema. Mwaka 2020 nchini Kenya watu waliowekwa karantini ya lazima walitakiwa mwanzoni kujilipia malazi na chakula, na wengine wakazuiwa kuondoka kwa sababu ya bili. Baada ya malalamiko mengi serikali ilitangaza kubeba gharama katika vituo vya umma.

Katika safari, mkono wa Kanuni za Afya za Kimataifa tunaushika miaka yote bila kuutambua. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ile ambayo abiria wa basi la Namanga au wa ndege ya Zanzibar huitafuta mfukoni, inatoka katika kanuni hizo hizo, na tangu Julai 2016 inahesabiwa kuwa halali kwa maisha yote ya mwenye nayo. Mtu asikubali kuchanjwa upya, au kuuziwa kadi mpya mpakani, kwa madai kwamba miaka kumi imepita. Wakati wa dharura huongezwa kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, fomu ya mahali ulikotoka na namba ya simu, na pengine foleni ndefu ya malori. Mizigo kwa kawaida huendelea kupita.

Kuhusu riziki na madeni, uvumi unaorudi kila mara ni kwamba dharura ikitangazwa kodi ya nyumba na mikopo husimama. Haisimami yenyewe. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya iliziruhusu benki kupanga upya mikopo ya watu walioathirika, lakini mkopaji ndiye aliyetakiwa kwenda kuomba. Aliyekaa nyumbani akingoja alikuta riba imeongezeka. Nafuu zilizokuja zenyewe zilikuwa chache na mahususi: kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 hadi mwisho wa mwaka huo, na kutumiana fedha kwa simu kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kukawa bure kwa kipindi fulani. Zote zilikuwa na tarehe ya mwisho, na zilipoisha bei zilirudi.

Dharura nazo huisha kwa namna ambayo haieleweki vizuri. WHO ilipoondoa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023, na ile ya mpox Septemba 2025, haikusema kwamba magonjwa hayo yamekwisha. Ilisema kwamba hayahitaji tena utaratibu wa pekee. Kinyume chake, polio ilitangazwa dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2014, na miaka zaidi ya kumi baadaye tangazo hilo lilikuwa bado linaendelea, huku wengi wetu tukiwa hatujui kwamba tunaishi chini yake. Malawi ilipothibitisha polio ya asili, yaani isiyotokana na virusi vya chanjo, Februari 2022, nchi jirani pamoja na Tanzania ziliingia katika kampeni ya matone ya nyumba kwa nyumba. Mzazi aliyefungua mlango asubuhi akamkuta mhudumu na kibebeo cha chanjo chenye barafu, mtoto akapewa matone mawili, kidole chake kidogo kikapakwa wino na ukutani ikachorwa alama ya chaki, alikuwa amekutana na dharura ya afya ya umma ya kimataifa ana kwa ana. Ilichukua dakika mbili.

Kwa milipuko ya Ebola na Marburg kuna hesabu kali zaidi. Mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42 kupita bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya zile siku 21, zikihesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa apone na vipimo kuonyesha hana virusi, au azikwe salama. Akipatikana mgonjwa mpya siku ya 40, hesabu huanza upya kutoka moja. Marburg ya Biharamulo mkoani Kagera, iliyotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Januari 2025, ilikuwa na mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa ambaye alifariki tarehe 28 Januari, na ilitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Baada ya hapo WHO hushauri uangalizi wa karibu uendelee kwa miezi kadhaa zaidi, kwa kuwa virusi vya jamii hii vinaweza kubaki katika baadhi ya majimaji ya mwili wa aliyepona, na kwa kuwa mgonjwa aliyekosekana kwenye orodha anaweza kuibuka. Mkazi wa Kagera ambaye bado aliulizwa kuhusu homa na kutokwa damu alipofika zahanati mwezi Mei alikuwa na sababu ya kujibu kwa ukamilifu, ingawa mlipuko ulikuwa umeshatangazwa kwisha.